Gereji ya mtaani, VETA au uanagenzi pacha: kijana wa Dar aanzie wapi?

Nilikuwa chini ya Noah nashusha gia boksi niliposikia mtu anagonga bodi ya gari. Nilichoona kwanza ni viatu: vya mwanamke, vya kutokea, na pembeni yake raba nyeupe ambazo hazijawahi kukanyaga oili.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Toka huko chini tuongee."

Kijana wake kamaliza kidato cha nne, kapata divisheni ya nne, hataki kusikia habari ya kurudia mtihani. Anataka ufundi magari. Mama mdogo alikuwa ameshapewa ushauri wa aina tatu kabla hajafika gerejini kwangu Tabata. Jirani yake kamwambia ampeleke VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, maana bila cheti hakuna kazi siku hizi. Mjomba wa kijana kasema huko ni kupoteza muda, atupwe gereji na baada ya miaka miwili atakuwa anajilisha. Na kanisani likasomwa tangazo la kitu kinaitwa uanagenzi, ambapo ada inalipwa na serikali. "Wewe ndiye fundi wetu," akaniambia, "nieleze lipi ni lipi."

Nilimjibu nikiwa nimesimama, mikono imejaa grisi, mteja ananitazama. Nilimjibu hovyo. Jibu lenyewe ni hili, na naamini litawafaa wazazi wengine wenye kijana anayezunguka zunguka nyumbani tangu matokeo yatoke.

Swali ambalo watu hawaulizi

Wengi hulinganisha njia hizi kwa kuangalia cheti: huku kipo, huku hakipo. Mimi nimepita gereji bila cheti, baadaye nikakipata, na sasa nina vijana wawili wanaojifunza kwangu. Kwa uzoefu wangu, cheti ni swali la pili. La kwanza ni hili: nani anaamua kijana atajifunza nini wiki ijayo?

Gereji, anayeamua ni gari lililoingia asubuhi. Zikija IST tano zenye shida ya shokapu, wiki nzima ni shokapu. Chuoni, anayeamua ni mtaala: leo mfumo wa breki, Jumanne ijayo mfumo wa kupooza injini, hata kama mjini hakuna gari lililochemsha. Kwenye uanagenzi pacha, ambako kijana anajifunza kwa zamu chuoni na kwenye kampuni, mtaala unatakiwa umfuate hadi kazini, umeandikwa kwenye daftari lake, na mtu pale kazini akubali kuufuata. Ukishalielewa hilo, mengine yote, yaani muda, hela, cheti na hata heshima, yanajipanga yenyewe.

Gereji: mafunzo yasiyo na mlango wa kutokea

Mtaani hakuna fomu ya kujiunga. Kuna mtu anayekufahamu. Mjomba anamwambia fundi "nina dogo hapa, mshike mkono," fundi anamtazama dogo juu mpaka chini, anamwambia aje kesho saa moja. Mkataba ndiyo huo.

Miezi ya mwanzo unaosha spea, unashika tochi, unatumwa chai. Hii si dharau kama vijana wanavyodhani. Ukishika tochi vizuri unaona kila kitu fundi anachokiona, na mwanga wako ukichelewa kufuata mkono wake utatukanwa mpaka ujue mkono unakwenda wapi kabla haujaenda. Unajua spana namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne kwa kugusa, gizani. Halafu unaachiwa kufungua matairi, kubadilisha oili, plagi, breki pedi. Ukikaa mwaka bila kuvunja kitu cha mteja unafika kwenye shokapu, bushi, klachi. Baadaye injini. Mwisho kabisa, ukibahatika, gia boksi na umeme wa gari.

Nasema ukibahatika kwa sababu hapo ndipo gereji inapobana. Mimi nilijifunzia gereji moja hapa hapa mjini ambayo sitaitaja. Kwa miaka miwili, kila gia boksi ya otomatiki ilipofunguliwa nilitumwa mtaa wa Gerezani kutafuta spea. Nikirudi, gia boksi imefungwa. Mwanzoni niliona ni bahati mbaya. Mara ya nne nikaelewa. Fundi wangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafanya hesabu. Mimi ni mwanafunzi wake leo, kesho nitafungua gereji mita mia mbili kutoka kwake, na wateja wa gia boksi ndio wanaolipa kodi ya nyumba yake. Kunifundisha kila kitu kungekuwa kujitafutia mshindani kwa mikono yake mwenyewe, tena bila kulipwa chochote kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kujua gereji itamfundisha kijana wako mpaka wapi, usimuulize fundi. Uliza waliotoka kwake wako wapi sasa na wanafanya nini. Fundi mwenye vijana wanne waliojitegemea, na bado wanampigia simu wakikwama, huyo mpe mtoto. Ambaye kila anayetoka kwake anaondoka kwa ugomvi, achana naye hata kama ana kazi nyingi.

Faida za gereji ni kubwa, na chuo hakiwezi kuzitoa. Unajifunza mteja. Unajua jinsi ya kumwambia mtu injini yake imekufa bila yeye kudhani unamwibia. Unajua bei ya spea, unatofautisha iliyotumika iliyo nzima na mpya iliyo feki, unajua duka gani Kariakoo linakubali kurudishiwa. Unajua kukadiria muda. Magari yanayozunguka Dar kwa sehemu kubwa ni ya Kijapani yaliyotumika, na kijana aliyekaa gereji miaka mitatu injini ya IST anaifungua huku anasimulia mpira.

Anachokosa ni kwa nini. Nilikaza bolti za silinda hedi kwa miaka mitano nikianzia katikati kwenda nje, kwa sababu fundi wangu alifanya hivyo. Sikujua kwamba mpangilio huo unaifanya gasketi ilale sawasawa na hedi isipinde, wala sikujua kwamba kila injini ina kipimo chake cha nguvu ya kukaza kilichoandikwa na mtengenezaji. Nilikaza kwa kusikilizia mkono. Mara nyingi mkono ulisema kweli. Siku uliposema uongo nililipa mimi.

Hela? Gereji nyingi hazidai ada, na hazilipi mshahara. Unapewa hela ya kula na nauli siku kazi ikiwepo. Mteja akifurahi anakuachia kitu kidogo. Mimi mwaka wa kwanza zipo siku nilirudi nyumbani kwa mguu kutoka Buguruni. Kwenye ushonaji na saluni mambo ni tofauti: huko mara nyingi mwanafunzi ndiye anayemlipa fundi ili afundishwe, kwa makubaliano ya mdomo. Hapo nasisitiza yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi mmoja: kiasi gani, muda gani, na mwisho wake awe anaweza kukata na kushona nini. Nimeona binti akilipa miezi tisa na kazi aliyofundishwa ni kutia vifungo.

Na kuhitimu ni lini? Hakuna siku hiyo. Unahitimu mteja anapokupita fundi wako na kukuita wewe.

VETA: mpangilio mzuri, mteja hakuna

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa watu wa Dar jina VETA maana yake kwanza ni Chang'ombe, kile chuo kikubwa cha mkoa. Kipo pia cha Kipawa kwa mambo ya TEHAMA. Wazee bado wanasema "greidi three, greidi one", ule mtihani wa zamani wa ufundi uliohesabiwa kushuka. Siku hizi ngazi zinapanda: tuzo (yaani cheti) ya ufundi stadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anayefika ya tatu na kutaka kuendelea ana mlango wa kwenda kusomea cheti na stashahada za juu zaidi. Njia hiyo gereji haina.

Namna mafunzo yalivyojengwa ni hivi: kila fani imekatwa vipande vya umahiri. Huambiwi "soma injini", unaambiwa uweze kufanya kazi fulani, kwa kiwango fulani, na mtu akupime ukiifanya. Ndani yake mna michoro, hesabu, usalama kazini, Kiingereza kidogo, na ujasiriamali. Vijana wangu wawili wanacheka nikitaja michoro, lakini mtu asiyesoma mchoro wa waya atabaki anafuatilia waya kwa macho kutoka kwenye betri, na kwenye gari la kisasa lenye kompyuta kila kona atazeeka hajafika.

Udhaifu nao uko wazi. Injini ya chuoni imefunguliwa na kufungwa na watu wengi mpaka bolti zinatoka kwa vidole. Haina kutu, haina bolti iliyokatikia ndani, haina mwenyewe anayepiga simu kila nusu saa. Wanafunzi wanaizunguka kundi zima na wenye viwiko vikali ndio wanaoshika spana. Halafu inakuja fildi, wiki kadhaa kwenye kampuni au gereji, na hapo bahati ina nguvu kuliko mtaala. Nimewahi kupokea mwanafunzi wa fildi aliyejua kueleza mfumo wa sindano za mafuta kuliko mimi, lakini alihitaji siku tatu kuzoea kwamba gari linanuka.

Sasa ada. Kwa miaka mingi kiwango cha vyuo vya VETA kwa kozi ndefu kimekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayetokea nyumbani na 120,000 kwa wa bweni. Iko chini hivyo kwa sababu VETA inaendeshwa na serikali na sehemu ya tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, si kwa ada yako. Vyuo binafsi ni habari nyingine, uliza kimoja kimoja.

Lakini wazazi wakisikia 60,000 wanapumua mapema mno. Chukua kijana anayekaa mbali, tuseme Goba, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Hata tukihesabu nauli ya daladala ya 600 tu kwa kila gari, ni 2,400 kwa siku. Siku ishirini na mbili za masomo kwa mwezi ni 52,800. Yaani kabla mwezi wa pili haujafika katikati, nauli imeshaipita ada ya mwaka mzima, na bado hajala, hajanunua ovaroli, buti na vifaa, wala kulipa michango mingine. Ndiyo maana namwambia kila mzazi: nafasi ya bweni ikipatikana, ichukue bila kujiuliza. Tofauti ya 60,000 inarudi ndani ya wiki tano.

Jambo jingine ni nafasi zenyewe. Waombaji ni wengi kuliko viti, hasa kwa umeme na magari. Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Anayeamka Januari amechelewa mwaka mzima. Zipo kozi fupi za wiki au miezi michache, nyingine za jioni. Ni nzuri kwa mtu aliyeshika kazi tayari na anataka kipande kimoja, mfano umeme wa magari. Kumpeleka huko kijana asiyejua kitu ni kama kumfundisha mtu kachumbari kabla hajajua kuwasha jiko.

Uanagenzi: jina moja, vitu viwili

Hapa mama mdogo alichanganywa, na si yeye peke yake.

Kitu cha kwanza ni yale mafunzo yanayofadhiliwa na serikali kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Vijana wanachaguliwa, wanapelekwa vyuoni, ada inalipwa, na kwa kawaida yanachukua kama miezi sita. Hicho ndicho kilichotangazwa kanisani. Ni fursa nzuri ya kuingia mlangoni, lakini miezi sita ni miezi sita. Kwa ushonaji au upakaji rangi inaweza kukuweka mahali. Kwa magari, unatoka unajua majina ya vitu. Mwenye bahati ya kuipata aichukue, huku anajua tayari baada ya hapo anakwenda kukaa kwa nani.

Kitu cha pili ndicho uanagenzi pacha. Huu mfumo mzizi wake ni Ujerumani, na VETA iliuingiza kwa kushirikiana na chemba (chama rasmi) ya mafundi ya Hamburg, mji ambao ni mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010. Kijana anakaa chuoni wiki kadhaa, anakwenda kwenye kampuni wiki kadhaa, anarudi, anakwenda, kwa miaka, siyo fildi ya mara moja.

Inafaa kuelewa unavyokaa kwao, maana ndipo utajua cha kuuliza kwetu. Ujerumani mambo haya yana sheria ya mwaka 1969. Kijana huanza kwa kupata kampuni, anasaini nayo mkataba wa mafunzo, analipwa posho inayoongezeka mwaka hadi mwaka, kisha shule inafuata: kwa kawaida siku moja au mbili za wiki shuleni, zilizobaki kazini, kwa miaka mitatu hivi. Kila fani ina mpango wa kitaifa unaosema mwaka wa kwanza afundishwe nini kazini, wa pili nini. Anayemfundisha ndani ya kampuni lazima awe na sifa zinazotambulika. Na mtihani wa mwisho hautungwi na kampuni, unasimamiwa na chemba. Hicho cha mwisho ndicho kinachoponya ugonjwa wa gia boksi niliousimulia. Fundi akimficha kijana kazi, kijana atashindwa mbele ya watu wa nje, na wa kuulizwa ni fundi.

Kule kampuni inalazimika kuwa mwanachama wa chemba. Kwetu kujiunga na chemba ni hiari. Kwa hiyo mfumo ukisafiri kuja huku unakuja na daftari, ratiba na mkataba, lakini ule mkono wa chemba unaomshika fundi masikio lazima chuo kiubebe chenyewe. Chuo kikiwa na mwalimu anayetoka kweli kwenda kutembelea kampuni, pacha ni njia bora kuliko zote nilizozitaja, sina shaka na hilo. Mwalimu akiwa anasaini daftari bila kutoka ofisini, pacha inageuka fildi ndefu, na kijana anakuwa kibarua wa bei nafuu mwenye ovaroli yenye nembo.

Ukipewa nafasi ya namna hiyo, kabla ya kusaini uliza mambo haya kwa upole lakini usiondoke bila majibu. Nani anatafuta kampuni, chuo au mzazi? Posho ni kiasi gani na inatoka mfuko wa nani? Kazini msimamizi wake ni nani kwa jina, na yeye mwenyewe ana ngazi gani? Akiumia, nani anagharamia matibabu? Daftari la kazi linakaguliwa kila baada ya muda gani? Kampuni ikifunga au ikimfukuza katikati, chuo kinampeleka wapi?

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwezi Juni 2023 pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi ulio bora, na mambo ya msingi ndani yake ni machache: makubaliano ya maandishi, malipo au posho, kujifunza kazini na nje ya kazi, kupimwa, na mwishowe sifa inayotambulika. Niliipima gereji yangu mwenyewe kwa kipimo hicho. Tuna malipo kidogo na kujifunza kazini. Mengine hatuna. Sikujisikia vizuri, na tangu siku hiyo vijana wangu wana karatasi yenye saini.

Mlango wa nyuma

Kuna jambo linalobadilisha hesabu nzima na ambalo jirani wa mama mdogo hakulitaja. Fundi aliyejifunza mtaani anaweza kupata cheti cha VETA bila kwenda kukaa darasani miaka. Wenyewe wanaita kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unajiandikisha, wapimaji wanakuja wanakuona unafanya kazi, wanakuuliza kwa nini umefanya hivi na si vile, panapopungua unapewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, halafu unapimwa na kupewa tuzo ya ngazi unayostahili.

Mimi nilipita hapo. Swali lililoniangusha mwanzoni lilikuwa lile lile la bolti za silinda hedi. Kufanya nilifanya sawa, kueleza nikashindwa. Mpimaji alicheka kidogo, akachukua kalamu, akanichorea.

Kwa hiyo anayesema "gereji haina cheti" amesema nusu. Gereji haina cheti cha kuanzia. Lakini usiitegemee kama njia ya mkato: lazima kwanza ujuzi uwepo, na kama fundi wako alikuwa anakutuma Gerezani kila gia boksi ikifunguliwa, mpimaji ataliona pengo hilo asubuhi ya kwanza.

Fani yenyewe inaamua mengi

Kwa umeme wa majumbani, anzia chuoni, nukta. Kazi hiyo ina leseni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zenye madaraja, na nyumba ikitaka kuunganishwa TANESCO wanataka fomu iliyojazwa na mkandarasi mwenye leseni. Fundi hodari asiye na karatasi atatandaza waya za nyumba nzima, kisha ataenda kumlipa mwingine ili amgongee mhuri. Miaka kumi hivyo ni hela nyingi.

Kwa samani, nenda Keko ukatazame. Mteja wa kitanda hakuulizi cheti, anakitikisa kitanda. Kuchomelea mageti na madirisha vivyo hivyo, na ushonaji pia. Huko anzia kwa fundi, rasimisha baadaye. Ila kama kijana anaota kuchomelea mabomba kwenye mradi mkubwa, huko mchomeleaji anapimwa kwa vipimo rasmi, basi arudi kwenye mstari wa chuo.

Majokofu na viyoyozi: chuo au pacha, kwa sababu ya gesi na umeme kwa pamoja. Simu: Kariakoo, na bidii yako. Hoteli: tafuta mafunzo yaliyofungamana na hoteli yenyewe, maana hakuna darasa linaloweza kuigiza jikoni saa mbili usiku.

Magari ndiyo magumu kuamulia, yako katikati. Kama lengo ni gereji yako ya Tabata, mtaa kwanza. Kama ni kuajiriwa kwenye karakana za wauza magari mapya, mabasi makubwa au migodi, bila tuzo ya VETA barua yako haisomwi. Na magari ya haibridi yameshajaa mjini. Betri ile ya volti nyingi si mahali pa kujifunzia kwa kubahatisha.

Mawili ambayo hayaandikwi kwenye fomu

Umri. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 hatakiwi kwenye kazi za hatari. Wanaomaliza la saba wengine wana miaka 13. Tindikali ya betri, gari lililoinuliwa kwa jeki, mwanga wa kuchomelea: huyo asiletwe gereji, hata akae tu kuangalia.

Na wasichana. Nimeulizwa mara mbili kama napokea. Napokea, lakini nawaambia wazazi ukweli kwamba gereji nyingi hazina choo cha maana wala pa kubadilishia nguo, na msimamizi ni mwanaume mmoja asiyejibu kwa mtu. Chuo kinamzidi mtaa hapo kwa mbali: kuna mwalimu wa malezi, kuna ofisi ya kwenda kulalamika. Binti anayetaka magari, mimi ningempeleka chuoni, kisha fildi nimtafutie gereji ninayoifahamu mwenyewe.

Tulivyokubaliana na mama mdogo

Nilimpigia simu Jumapili jioni nikamweleza haya yote kwa utulivu. Akaniuliza: "Kwa hiyo?" Kijana ana miaka kumi na saba na nusu. Dirisha la maombi ya VETA bado halijafunguliwa. Tumekubaliana aje kwangu miezi hii ya kusubiri, kazi za kushika tochi, kuosha spea na kubadilisha oili tu, asiingie chini ya gari mpaka atimize kumi na nane. Maombi yakifunguliwa ataomba Chang'ombe, bweni likiwemo. Akipata, ataingia darasani spana anazijua tayari na sauti ya mteja anaijua, na kwenye kundi la kuzunguka injini hatakuwa wa nyuma. Akikosa, anabaki kwangu, tunaandikishana karatasi ya miaka mitatu, na gia boksi imo kwenye karatasi hiyo, mwaka wa tatu, nimeiandika kwa mkono wangu.

Amesharipoti. Alikuja na raba zake nyeupe. Nimemwambia kesho aje na buti, zile raba azivae Jumapili.